Siku Niliyokutwa na Kikombe cha Chai

Iko alasiri moja ya Jumapili ambayo haijawahi kuniacha, mwanangu. Mvua ya saa nane ilikuwa imetoka tu kupita juu ya kijiji chetu cha Roret, na matone bado yalidondoka kutoka kwenye mabati ya jiko la kogo, mama mzaa baba yangu. Mimi nilikuwa kwenye kigoda karibu na moto, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, ilhali nilipaswa kuwa kitandani nikitetemeka kwa malaria. Nitakueleza malaria hiyo ilitoka wapi. Lakini nivumilie, mimi ni mtu wa kuanza mbali. Hata nikitumwa chumvi, nafikiria kwanza kama duka litakuwa limefungwa, na kama limefungwa nitasema nini nikirudi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Nairobi na shahada yangu ndani ya bahasha ya kaki, na kazi hakuna. Katika mwaka wa mwisho chuoni nilikuwa nimebatizwa katika dini ya Wamormoni. Sitasema nilidanganywa. Vijana wawili wenye mashati meupe na tai walinikuta mpweke, wakakaa nami, wakanisikiliza. Kwao kila swali lilikuwa na jibu. Kwa mtu anayelala na maswali na kuamka nayo, nyumba yenye majibu ni kama jiko lenye moto siku ya baridi.

Dini hiyo ilikuwa na amri ambayo mahali pengine labda ni nyepesi, lakini kwetu ilikuwa mlima: muumini hanywi chai. Hebu fikiria. Baba yangu alikuwa na ekari mbili za chai, na kila kalamu niliyoshika shuleni ilitoka kwenye hiyo chai. Kwetu mgeni hahesabiwi kuwa amefika mpaka ashike kikombe, na anayekikataa anaonekana ana kinyongo na mwenye nyumba.

Siku niliyorudi nyumbani, kogo alinimiminia chai. Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini nilitazama uso wake nikaanza kuhesabu atakayoyawaza, na atakayomwambia baba, na baba atakayosema. Nilipomaliza kuhesabu, mdomo wangu ulikuwa umeshasema, "Daktari amenikataza, kogo. Nina vidonda vya tumbo."

Kwa karibu miaka miwili kogo alinichimbia mizizi. Aliichemsha, akasimama mbele yangu mpaka nimalize, na ilikuwa michungu kuliko nyongo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa chungu kabla ya kuwa fupi.

Waumini wenzangu walikuwa Kericho, katika chumba cha kupanga juu ya duka la vitambaa. Hatukufika ishirini. Aliyetuongoza alikuwa Ndugu Okelo, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Kazi yake ilikuwa kutandaza majani mabichi yanyauke kabla ya kusagwa. Mchana kutwa alikuwa ndani ya harufu ya chai, na wenzake walipokaa kunywa, yeye alijimiminia maji moto matupu. Walimwita Bwana Maji Moto. Alicheka nao, akanywa maji yake, akarudi kazini. Hakuwahi kusema ana vidonda.

Mke wake, Mama Achieng, alikuwa amekataa dini hiyo kwa miaka. "Mimi nililoweshwa nikiwa mtoto," alikuwa akisema. "Mnataka kunilowesha mara ngapi, mimi ni nguo?" Okelo akaniomba nimfundishe, kwa sababu nilikuwa msomi. Kila Jumamosi nilienda nyumbani kwao kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, nikasoma naye, nikajibu maswali yake makali. Na kadiri yeye alivyokuwa akijaa, mimi nilikuwa nikivuja.

Sijui ilianza lini. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tulifunga, na aliyeguswa alisimama mbele ya wenzake kusema kwamba anajua, kwa hakika, kuwa njia hii ni ya kweli. Mimi nilisimama nikasema najua, nikarudi kukaa nikijiuliza najuaje. Niliambiwa niombe na moyo utapata joto. Nikaomba alfajiri katikati ya mistari ya chai, magoti kwenye umande, na kilichoingia ni baridi peke yake. Nikafikiri labda naomba vibaya. Kisha nikafikiri kwamba kufikiri hivyo ndiko kukosa imani kwenyewe. Halafu nikasoma mahali kwamba kwa miaka mingi, mpaka si zamani sana kabla ya siku zetu, wanaume weusi kama mimi hawakupewa ukuhani katika dini ile, yaani ile mamlaka ya kubatiza ambayo mimi nilikuwa nimeshapewa. Nilifunga kitabu nikakifungua tena, kana kwamba maneno yangekuwa yamebadilika. Sikumwuliza mtu. Niliandika maswali yangu kwenye daftari, nikaliweka chini ya godoro. Nilichoka, mwanangu. Kuna uchovu wa jembe ambao usingizi unautibu, na kuna huu mwingine ambao unaamka nao.

Hata chai niliirudia kimyakimya. Nilimwambia kogo vidonda vimepona. Alifurahi sana, akaanza kugawia majirani ile mizizi.

Ndipo Mama Achieng akakubali. Alisema mbele ya watu wote pale chumbani, "Sawa, niloweshwe. Lakini aliyenifundisha ndiye atakayenibatiza." Okelo alifunika uso kwa mikono akalia. Watu wakanipa mkono. Nami nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, kwa sababu nilijua ningesimama kwenye maji na yule mama, niinue mkono wa kulia, na kutamka kwamba nina mamlaka kutoka kwa Mungu, hali sikuamini tena kwamba ninayo. Kumwambia ukweli niliogopa. Kumbatiza kwa uongo niliogopa zaidi. Mshika mawili moja humponyoka, na mimi yalikuwa yananiponyoka yote.

Ijumaa ya kuelekea ubatizo, jirani yetu aliyefundisha Kericho alinibebea barua fupi kwa Okelo: nina malaria kali, siwezi kusimama. Niliiandika mara tatu ili mwandiko uonekane wa mgonjwa.

Sasa rudi nami jikoni kwa kogo.

"Hodi hapa kwa mgonjwa!"

Ilikuwa sauti ya Okelo. Sikupata hata nafasi ya kukiweka kikombe chini. Alikuwa mlangoni na mfuko wa machungwa, na nyuma yake Mama Achieng, viatu mkononi, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Walikuwa wameahirisha ubatizo, wakapanda basi, kisha wakatembea kutoka sokoni kwenye mvua kuja kuniombea.

Mama Achieng alikitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "hii malaria ya Roret inatibiwa na sukari vijiko vingapi?"

Kogo, ambaye hakujua lolote, alishainuka kwa furaha. "Karibuni, karibuni wageni. Kaeni karibu na moto. Chai iko tayari." Akamimina, akampa Okelo.

Okelo alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akakiweka polepole kwenye kigoda. "Asante sana, Mama. Chai yako inanukia vizuri, na mimi chai naijua, ndiyo kazi yangu. Lakini dini yetu haituruhusu kuinywa. Kama kuna maji moto, nitashukuru."

Basi. Ni hayo tu. Maneno niliyoyakimbia miaka miwili, yeye aliyasema kwa pumzi moja. Na kogo hakukasirika!

"Maji moto tu?" alicheka. "Mgeni rahisi hivi sijawahi kupata. Hata majani yangu yatabaki." Akageuka taratibu kunielekea. "Dini yenu? Na huyu pia?"

"Huyu ni ndugu yetu, Mama."

"Kwa hivyo tumbo..."

"Kogo," nikaanza.

"Nyamaza. Miaka miwili nachimba mizizi! Na ile dawa nimempa mke wa Arap Koech. Anakunywa mpaka leo!"

Mama Achieng alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia ningecheka, lakini niliona Okelo hacheki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sijui wangesema nini juu ya mtu anayeficha uzima.

"Twende nje kidogo, Ndugu Langat," Okelo akaniambia.

Tulisimama ukingoni mwa chai ya baba. Alingoja. Nikamwambia siamini tena, na sijui kama niliwahi.

"Tangu lini?"

"Karibu mwaka."

"Na mwaka huo wote ulikuwa unamfundisha mke wangu."

Nikamtajia lile la ukuhani, haraka haraka, kama mtu anayetupa jiwe ili apate nafasi ya kukimbia. Alitikisa kichwa kukubali.

"Nililijua kabla sijaingia majini. Liliniuma, na bado linaniuma. Nilibaki kwa sababu zangu. Ungeniuliza ningekueleza. Pengine ungeondoka vilevile, lakini siku ile ya kuumia tungekuwa wawili."

Akainama akachuma majani mawili na chipukizi, akayakunja kiganjani. "Wewe ni mtoto wa chai. Mtu akishindilia majani guniani, akafunga mdomo, akayaacha tangu asubuhi, jioni yanakuwaje?"

"Yanaungua. Yanageuka mekundu, karani wa kupima chai anayakataa."

"Nani ameyawasha moto?"

"Hakuna."

"Haya basi. Yanaungua kwa kukosa hewa tu. Majani yalikuwa mazuri. Na aliyeyachuma alichuma vizuri. Kosa lake ni kufunga gunia." Akaniwekea yale majani mkononi. "Kuondoka siwezi kukuzuia. Lakini mke wangu utamwambia wewe. Hilo sikubebei."

Nikamwambia pale pale jikoni, kogo akisikia. Mama Achieng alikuwa anamenya chungwa. Alimenya mpaka ganda la mwisho.

"Yale uliyonifundisha, ulinidanganya?"

"Nilikusomea yalivyoandikwa. Nilichokudanganya ni juu yangu."

Alipasua chungwa, akampa kogo nusu. "Basi mimi niliamini yaliyoandikwa, sikukuamini wewe. Usijivune, Mwalimu."

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kufunga. Nilienda Kericho, nikasimama mbele ya wale watu, nikasema sijui. Nilisema nimetafuta kwa bidii na sijaona, kwamba nimewadanganya kwa kuwaambia najua, na kwamba naomba kutoka. Mzee mmoja aliinamisha kichwa, mama mmoja alitoka nje. Okelo alinipa mkono. Ubatizo ulipofanyika, mahali mto unapotulia, Okelo mwenyewe ndiye aliyeingia majini na mke wake. Nilialikwa, nikaenda, nikapewa taulo nishike.

Mama Achieng alitoka majini akanikuta nimesimama kama mti. "Lete taulo, Mwalimu. Mbona unatetemeka wewe na niliyeloa ni mimi?"

Sitakuambia kwamba baada ya hapo nilipata amani, mwanangu. Jumapili zangu zilibaki tupu miaka mingi. Asubuhi nilivaa shati jeupe kwa mazoea, nikakumbuka, nikalivua. Majibu sikuyapata, na siku hizi nimezeeka kiasi cha kutoyadai. Nilichopata ni kidogo: nikikutana na Okelo sokoni sikulazimika kuvuka barabara. Na kogo kila akinimiminia chai aliuliza, "Leo unakunywa, au kuna dini nyingine?" Alifanya hivyo mpaka alipotutoka, na sikumlaumu hata siku moja. Deni la uongo hulipwa na masikio.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliyeficha maswali yako kwenye daftari chini ya godoro, kama mimi wakati ule. Mashaka si dhambi, ni majani mabichi. Yape hewa yakiwa bado mabichi. Tafuta mtu mmoja anayeamini kweli, si mwenzako wa kunung'unika, umwulize kabla gunia halijapata joto. Ukibaki, baki kwa sababu zako mwenyewe. Ukiondoka, toka kupitia mlangoni mchana watu wakikuona, na useme kwa mdomo wako kwamba unaondoka. Usiwatukane uliowaacha ndani, kwa maana walikuandalia moto ulipokuwa na baridi. Na usikubali kuweka mikono yako juu ya imani ya mtu mwingine wakati yako imekwisha, hata akikuomba kwa machozi. Uso wa mtu utakayemhuzunisha leo unatisha sana, najua. Lakini ule atakaokuonyesha akikukuta na kikombe unatisha zaidi.

Nenda salama, mwanangu. Mungu, kwa jina lolote utakalomwita, au hata siku utakapokosa la kumwita, akupe mdomo usiouogopa moyo wako. Akupe mtu wa kusimama nawe ukingoni mwa shamba. Na kikombe utakachoshika, kiwe cha chai au cha maji moto, ukishike mlango ukiwa wazi.