Oili ya lori haipimwi mlimani

Mkwe wangu, nani alikufundisha kupima oili mlimani?

Kwetu mama mkwe hamkemei mkwe usoni, basi asome hapa na nyie wote mkiona.

Leo tumepakia ndizi zangu huko mlimani Ntobeye, lori limeinama kama mlevi. Mkwe kazima injini, kachomoa kijiti cha kupimia oili hapo hapo, hata kukifuta hakukifuta.

"Oili imekwisha!"

Nikamtuma binti yangu: "Mwambie mumeo ashuke tambarare, asubiri oili itulie kwanza. Hata sufuria ikiinama, maji yanadanganya."

Mkwe akajibu, "Mama alisomea injini wapi?" Akamimina galoni nzima.

Tumefika bondeni moshi umetufunika. Kapima tena: oili imepita alama ya juu!

Sasa lori limesimama, ndizi zinaivia humo.

Mkwe, usiwashe. Punguza oili, futa kijiti, upime upya.