Kiatu cha Kushoto

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba mechi huamuliwa dakika za mwisho, hasira inanipanda. Maneno hayo niliwahi kuyaamini, na aliyenifundisha ni Mhindi wa Kalkuta.

Alikuwa mwalimu wetu wa hesabu pale sekondari Babati, mmoja wa walimu walioletwa kwa mkataba kutoka India miaka ile ambayo sabuni, sukari na hata kiberiti vilikuwa vya foleni. Mtu alifika dukani alfajiri, akaweka jiwe lake kwenye mstari, akaenda shambani, akarudi kulisogeza jiwe. Kiswahili cha mwalimu kilikuwa cha kuokoteza. Ukimwamkia "Shikamoo, Mwalimu," naye alikujibu "Shikamoo, shikamoo," tukabaki tunauma midomo tusicheke. Lakini mpira aliujua, jamani.

Baada ya mazoezi alitukalisha kwenye nyasi akatuhadithia mpira wa kwao. Waingereza waliuleta, wakaucheza wenyewe kwa wenyewe na mabuti yao, wenyeji wakitazama. Siku moja, babu yake akiwa kijana, timu ya watu wa Kalkuta, karibu wote peku, ikakutana na wanajeshi wa Kiingereza kwenye fainali. Wale wa peku wakatangulia kufungwa. Zikiwa zimebaki dakika chache wakasawazisha, kisha wakafunga la ushindi, na babu aliyekuwa amepanda mti ili aone akaanguka kwa furaha, akavunjika mkono. "Dakika ya mwisho!" mwalimu alituambia kila mara, kidole juu. "Watu yote kumbuka dakika ya mwisho!"

Baadaye nchi yake ikawa bingwa wa Asia, ikafika nusu fainali ya Olimpiki. Kombe la Dunia waliwahi kupata nafasi, hawakwenda. Yeye alisema walikatazwa kucheza peku. Nimesikia ukubwani kwamba sababu zilikuwa nyingine, ila sisi wa peku tulimwamini kabisa. Na mwaka ule aliokuwa akitufundisha sisi, India wakachukua kombe la dunia la kriketi. Alisikia redioni, akaja darasani amenuna kama mfiwa. "Mpira kwisha," alisema. "Sasa mtoto yote taka rungu." Tulimpa pole bila kujua kriketi ni mdudu gani.

Ndani ya sanduku alilokuja nalo kulikuwa na njumu zake za ujana, jozi moja. Viatu vya mpira madukani ilikuwa ndoto, kwa hiyo alizigawa kwa namna yake. Mimi nilikuwa winga wa kushoto, napiga kwa mguu wa kushoto, nikapewa kiatu cha kushoto. Winga wa kulia, kijana wa Bonga niliyesoma naye dawati moja, akapewa cha kulia. Mguu wa pili kila mtu na ngozi yake. Watu wa sokoni wakatubatiza, yeye Kulia na mimi Kushoto, na tukipita pamoja walipiga kelele, "Jozi hiyo imekamilika!" Tulizoea. Tulicheza hivyo msimu mzima na tukawafunga wengi.

Ndipo ikaja habari kwamba watu wawili wa mkoa watashuka kutoka Arusha kuchagua vijana wa timu ya mkoa. Mtu asifikiri lilikuwa jambo la mchezo. Viwanda vya Arusha vilikuwa na timu zao, vikichukua wachezaji humo humo, na ukisajiliwa unapewa kazi. Mimi nilikuwa kidato cha nne, hesabu zangu ni aibu tupu, na shamba la baba pale Sigino lilikuwa halitoshi hata kaka zangu. Mama alishaanza kuniombea misa. Nafasi yangu ya kutoka ilikuwa mguu wangu wa kushoto, basi.

Mechi ya majaribio ilipangwa Jumapili, tukitoka kanisani. Wale mabwana walipofika, mmoja akatutazama miguu akacheka. "Timu ya mkoa haichezi peku. Kila mchezaji viatu viwili, la sivyo akae nje."

Mwalimu alimvaa. "Miguu yake nzuri! Babu yangu—"

"Mwalimu, huku si kwenu."

Wenzetu wakakimbia huku na huku kuazima. Mmoja alivaa raba za dada yake, mwingine buti za mgambo. Tukabaki mimi na Kulia, watu wawili na jozi moja.

"Tugawane," akasema. "Mmoja kipindi cha kwanza, mwingine cha pili. Chagua wewe."

Nilichagua cha pili. Nilijiona mjanja kweli! Nilimwonea hata huruma, nikamfunga kamba mimi mwenyewe.

Alicheza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Mapumziko yalipofika akavivua, vina moto na jasho lake, nikavivaa. Cha kulia kilinibana kwa ugeni dakika chache tu. Baada ya hapo, we acha! Niliwapiga chenga mabeki wawili wakagongana wenyewe. Nikatoa krosi, goli. Nikaongeza la kwangu kwa shuti la mbali, kipa hakugeuza hata shingo. Uwanja mzima ukaimba "Kushoto! Kushoto!" nami nikakimbilia upande wa vile viti viwili walivyowekewa wageni, mikono juu.

Kwenye kiti kimoja alikuwa amekaa mama muuza miwa. Kingine kilikuwa na miwa yake.

"Wako wapi?" nilimuuliza mwalimu, mpira ukiendelea nyuma yangu.

Alinionyesha barabara ya Arusha. Siku zile, Jumapili baada ya saa nane mchana, gari binafsi lilikuwa haliruhusiwi barabarani, na wao walikuja na gari la mtu, la kuazima. Waliondoka wakati wa mapumziko ili wawahi kulala Magugu kwa shemeji ya dereva. Ebo! Kwani Babati hakukuwa na vitanda? Mtu anakuja kutafuta wachezaji, anatazama nusu ya mechi! Nilitukana palepale, mbele ya mwalimu na mbele ya yule mama, na hakuna aliyenikemea.

"Mechi zuri sana," mwalimu alisema. "Mimi ona." Nilitamani kutoa machozi.

Kulia alikuja filimbi ilipolia. Hakuwa na furaha usoni, alikuwa na haya. Walikuwa wamemchagua yeye, aripoti Arusha wiki ile ile, akiwa na viatu vyake mwenyewe. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma, macho kwenye njumu. Nikakaa chini kwenye nyasi, nikavua cha kulia nikampa. Kisha nikafungua kamba, nikampa na cha kushoto.