Majibu Yaliyofungiwa Buchani

Nyawira, msusi wa mji mdogo wa Skuta, alikuwa na vitabu vya kudurusu vya kutosha kufungua duka, na bado hesabu ilikuwa ikimtoa jasho. Alipotangaza kanisani kwamba, katika umri wake wa miaka thelathini na tisa, atarudia mtihani wa kidato cha nne ili akasomee unesi, akina mama walimletea kila kitabu cha hesabu na kemia kilichoachwa na watoto wao. Nyawira akachagua kama ambavyo wengi wetu tungechagua: vile vyenye majibu nyuma.

Hapo ndipo alipojidanganya. Anasoma swali, anachungulia jibu, anajiambia, "Eeh, hii naijua." Kisha mwalimu wa masomo ya Jumamosi aliyojiunga nayo akawapa wanafunzi wake karatasi isiyo na majibu popote, na Nyawira akaikodolea macho mpaka muda ukaisha. Aliona haya hata akakosa pa kutazama. Mtihani ulikuwa Novemba, na bila C ya hesabu, unesi angeusikia kwenye bomba.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alibeba vitabu vyake hadi kwenye bucha ya Muchangi, iliyopakana na saluni, akamwomba azikate kurasa zote za majibu na kuzifungia. Muchangi, Mwembu mwenye maneno mengi, alizikata kwa kisu cha nyama huku akicheka mpaka wateja wakageuka. Lakini sharti alilotoa halikuwa la mzaha.

"Mama Anita, ukikuja hapa bila kazi, hakuna jibu. Nitakuuzia matumbo tu."

Basi ikawa anasuka, anapiga hesabu kati ya mteja na mteja, kisha anaingia buchani na daftari lake kusahihishiwa mbele ya watu wanaongojea nyama. Akikosea, wanamhurumia kwa sauti. Anita, binti yake wa kidato cha tatu, alianza kupita njia nyingine akiwa na wenzake. Jambo hilo lilimuuma Nyawira kuliko makosa yenyewe, ila hakuacha.

Mwezi wa Oktoba likaja swali la tangi la mviringo. Kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 1.4, na kimo ni mita mbili. Linabeba lita ngapi? Nyawira alipata 12,320. Muchangi akafunua kurasa zake.

"Umekosa. Hapa iko 1,232."

Zamani angefuta papo hapo. Safari hii alipitia kazi yake mstari kwa mstari, kisha akachungulia nje, kwenye tangi la Muchangi la lita elfu moja, lililomfikia kifuani.

"Kitabu imekosea," akasema.

"Ati imekosea? Kwani ni wewe uliandika?"

"Sikuandika. Lakini yako hapo nje ni lita elfu moja, na hii ya swali watu kumi wanaweza simama ndani na isijae."

Wateja walitazama tangi, wakamtazama Nyawira. Yeye alichukua kalamu, akalikata jibu la kitabu kwa mstari mmoja, akaandika la kwake. Alirudi saluni kifua mbele, na kwa nini asirudi hivyo?

Matokeo yalitoka Januari: hesabu, B toa, juu ya ile C aliyoihitaji. Muchangi aliwatangazia wateja wote kana kwamba yeye ndiye aliyeketi kufanya mtihani. Nyawira alilia, akacheka, akaendelea kusuka.

Wiki ile shule zilipofunguliwa, Anita aliingia saluni mchana kweupe, wasichana watatu wa darasa lake wakimfuata.

"Huyu ndio mum," akawaambia, akimshika mamake begani. "Mum, hawa wanataka kununua vitabu za hesabu. Waambie gani ni poa."