Hita na Nyasi za Mama

Watu wa Bukoba wakisikia kwamba nilihangaika kutengeneza hita ya gari, wanacheka. Nawaacha wacheke. Hapa kwetu jua likiwaka unatafuta kivuli, mvua ikinyesha unavaa sweta, basi. Hakuna anayekumbuka kwamba ndani ya gari kuna kitu cha kutoa joto. Mimi mwenyewe nilirithi lile pikapu kwa baba, nikalibebea ndizi miaka na miaka kutoka Kishanda hadi mjini, na kile kitufe chekundu sikuwahi kukigusa mpaka figo za mama zilipogoma.

Tangu hapo maisha yetu yakawa ya aina mbili tu: siku za mashine na siku za kupumzika baada ya mashine. Siku ya mashine tunatoka Kishanda alfajiri, tunapita Muleba, tunafika mjini, mama analala kwenye kitanda cha hospitali, damu yake inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Mimi nakaa nje kwenye benchi. Na mtu akitoka kwenye ile mashine anatoka na baridi. Si baridi ya kuvaa sweta ikaisha. Mama alikuwa anaingia garini meno yanagongana, mchana kweupe, watu barabarani wanajifuta jasho, nami nafunga vioo vyote nawasha hita mpaka mwisho. Jasho linanitiririka kama nakaanga senene. Yeye anasogeza miguu pale joto linapotokea, anafumba macho. Tukifika Muleba rangi imemrudia. Kishanda anashuka mwenyewe bila kushikwa.

Ile ilikuwa dawa yangu. Nyingine zote zilikuwa za madaktari, lakini hita ilikuwa yangu.

Halafu kulikuwa na zile nyasi. Kwetu nyumba iliyotunzwa hutandikwa nyasi sakafuni, na mgeni akija unatandika mpya, ndipo ajue amekaribishwa. Mama alizaliwa kwenye nyasi hizo, akaolewa juu yake, na hata tulipomwekea saruji aliendelea kutandika. Sasa akaanza kutandika na gari. Kila siku ya mashine alikuwa anatoka mlangoni mkono mmoja una mkoba wa hospitali, mwingine umekumbatia nyasi alizokata pembeni ya kibanja chetu cha migomba, bado zina umande. Anafungua mlango wa abiria, anatoa za zamani, anapanga mpya taratibu, ndipo anapanda.

"Mama, hili ni gari, si sebule," nilimwambia.

"Basi wewe kaa kwenye bati lako. Mimi nakaa kwenye nyasi. Hii nayo ni nyumba ya baba yako."

Nikawa nafagia vijiti kila jioni huku nanung'unika.

Matatizo yalianza na kioo. Asubuhi nikiwasha hita, kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani, naendesha mkono mmoja, mwingine unafuta kwa kitenge. Halafu maji ya rejeta yakawa yanapungua bila sababu. Natia leo, kesho yameshuka. Nikalaumu mfuniko, nikanunua mfuniko. Nikalaumu mipira ya kupitisha maji, nikakaza mipira. Nikainama chini ya gari kutafuta tone, hakuna tone. Pale miguuni kwa mama palikuwa na unyevu, ndiyo, lakini nyasi za alfajiri zina umande, nani angeshangaa? Baadaye hita yenyewe ikaanza kutoa hewa baridi, na mama akawa anafika nyumbani anatetemeka, namwingiza ndani nimemshika kiunoni kama mtoto anayejifunza kutembea.

Jumapili moja baada ya misa akaniambia kwa utulivu kabisa, "Gari lako sasa lina baridi. Mimi safari hizi siziwezi tena."

Daktari alishatueleza, bila kuficha, kwamba anayeacha mashine haendi mbali. Kwa hiyo nilichosikia mimi ni hiki: tengeneza hita, au uchague mahali pa kumzika mama yako. Nikamwambia anipe muda kidogo, nitaitengeneza. Akaitikia, "Haya," akageukia vyombo vyake.

Fundi wangu yuko Miembeni, pale mjini, mtu mnene wa kanisa la Kilutheri anayeimba besi kwaya nzima ikamsikia, na mcheshi kupita kiasi. Alifungua mlango wa abiria, akafunua nyasi, akatia kiganja chini, akakitoa kimelowa maji ya kutu.

"Dada, huu umande wa kwenu una rangi ya chai?"

Ndipo nikaelewa. Ndani ya dashibodi kuna rejeta ndogo, saizi ya biblia kubwa, maji ya moto ya injini yanapita humo, feni inapuliza, joto linakuja miguuni. Hiyo ndiyo ilikuwa imeoza. Maji yalikuwa yanavujia ndani ya gari, nyasi zinayanywa, na mimi naendelea kununua mifuniko. Ilioza kwa sababu ya mazoea yetu ya kutia maji ya mtoni kila yanapopungua, na hapo sina wa kumsema, baba alitia, nami nikatia.

"Hii ni kazi ndogo," fundi akasema. "Tunakata hii mipira miwili inayoingia ndani, tunaiunganisha yenyewe kwa yenyewe, maji hayapiti tena humo. Magari yote unayoyaona hapa tumeyakata. Hita ya nini Bukoba? Unakwenda Ulaya?"

"Hakuna kukata."

"Dada, nashusha dashibodi nzima, usukani, nyaya, kila kitu, ili upate joto ambalo Mungu anatupa bure?"

"Nimesema hakuna kukata! Ukishika kisu hapo, mimi na wewe tumekosana." Nilipiga kelele mpaka mama lishe wa jirani akaacha kugeuza chapati. Sikujali. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hana aibu. Kisha nikamweleza habari za mama na mashine. Alinisikiliza, akajifuta mikono, akasema kwa sauti ndogo nisiyoizoea, "Basi tafuta hiyo rejeta. Mpya huku hupati. Tafuta gari lililokufa."

Gari lililokufa nililipata Maruku, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mstaafu. Pikapu kama letu, halina matairi, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mzee alinikaribisha kwanza ndizi na maharage, akaniuliza ukoo wangu mpaka tukapata shangazi wa mbali anayetuunganisha, ndipo akaniruhusu. Fundi nilikuwa nimekuja naye. Alipoitoa ile rejeta aliziba upande mmoja kwa kidole gumba, akaizamisha kwenye beseni, akapuliza upande wa pili kama anayetafuta tundu la tairi la baiskeli. Hakikutoka hata kipovu kimoja. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa na mavi ya kuku kwenye shati.

Kazi yenyewe tuliifanya siku ya mashine. Nilimshusha mama hospitalini, nikapeleka gari Miembeni. Sijawahi kuona gari la baba likiwa vile. Usukani umening'inia, nyaya nje kama matumbo ya mbuzi, dashibodi iko chini kwenye vumbi, na kwenye uwazi wake zikatoka kalamu ya baba, rozari iliyokatika na tikiti za vivuko vya zamani. Fundi aliichomoa ile rejeta iliyooza ikamvunjikia mkononi. Halafu boksi la hita, linalobeba rejeta, halikutaka kurudi mahali pake, akalisukuma, akalivuta, akaacha kuimba. Saa za mama kwenye mashine zikaisha, gari bado liko wazi. Nikamfuata na bajaji, nikamleta pale gereji, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki, blanketi mabegani, jua linamwakia usoni naye anatetemeka.

Alitazama lile gari lililopasuliwa. Akamtazama fundi aliyelala chali miguu nje.

"Kata tu, baba," akamwambia. "Usijisumbue."

"Mama!" nikasema. "Nani kakwambia habari za kukata?"

"Kelele ulizopiga hapa zilinifikia mpaka Kishanda," akasema. Fundi alitoa kichwa, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Waitu mama," akasema kwa heshima ya kwetu, "huyu mwanao nikikata atanikata mimi." Mama akatabasamu kidogo, kwa adabu.

Jioni ilikuwa inaingia tulipowasha. Fundi aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akaweka mkono pale chini, akapiga kelele ya besi iliyowashtua watu wa maduka. Joto! Nilimpandisha mama mbele, nikaenda mwenyewe nyuma ya gereji kung'oa nyasi, nikamtandikia. Zilikuwa nyasi za hovyo za mjini, zimejaa vipande vya nailoni, lakini nilitandika.

Tukaondoka. Nilikuwa nimejaa furaha, nasema kweli, furaha ya kitoto. Namchungulia kila mara.

"Miguu inapata joto, mama?"

"Inapata."

Tulipita Muleba. Hakutetemeka hata kidogo. Nikasubiri aseme kitu, mwanangu umefanya kazi, lolote. Alipozungumza alikuwa anatazama mbele.

"Nilijua maji yanavuja."

"Unasema?"

"Tangu mvua za kupanda maharage. Soksi zangu zilikuwa zinalowa. Ndiyo maana nikazidisha nyasi, usione."

"Mama, kwa nini?"

"Nilisema moyoni, gari likifa lenyewe, basi. Hakuna atakayesema mimi ndiye niliyekataa. Wala padri, wala wewe. Ile mashine inaninywa, mwanangu. Nimechoka."

Nilisimamisha gari pembeni. Nilitaka kusema maneno mazuri ya mtoto kwa mzazi, yakatoka mengine. "Na mimi je? Mimi nimechoka pia! Nimechoka na hii barabara, nimechoka na lile benchi, mgongo wangu umekwisha, ndizi zinaiva shambani sina wa kuzikata, nimeshusha dashibodi nzima kwa ajili yako, na wewe unaficha maji kwa nyasi!"

Nililia. Yeye hakulia. Alingoja nimalize, kama alivyokuwa akingoja nikiwa mdogo.

"Najua umechoka," akasema. "Ulikuwa husemi. Na mimi nikawa sisemi. Tumepanda gari moja wagonjwa wawili."

Joto lilikuwa linatujia sote miguuni. Hakuna aliyezima.

Baada ya muda akanishika mkono. "Sikiliza. Umeitengeneza, nitakwenda. Lakini siku ukiona nimetoka mlangoni bila nyasi, usiniulize. Usiite wajomba zako. Zima gari, uingie ndani tukae."

"Siwezi kukubali jambo kama hilo."

"Sijakwambia ukubali. Nimekwambia uzime gari."

Nilirudisha gari barabarani. Halafu nikasema sawa. Neno lenyewe lilikuwa chungu kama kwinini, lakini nililisema, naye alilisikia, akafumba macho akalala mpaka Kishanda.

Hita inafanya kazi mpaka leo. Fundi alinikataza maji ya mtoni, sasa natia yale ya kijani ya dukani, yasiyotia kutu. Asubuhi za mashine naamka kabla yake, nawasha injini, nawasha hita ili akute kumepata moto, halafu nakaa nyuma ya usukani natazama mlango wa nyumba. Ukifunguka sitazami uso wake. Natazama mikono.

Leo mkono mmoja ulikuwa na mkoba, na mwingine nyasi, chache kuliko zamani, zinadondosha umande. Nilishuka nikamfungulia, akatandika, tukaenda.