Mteja wa Kwanza Asiye wa Ukoo

Mkurugenzi hakuwa na ofisi, lakini cheo alikuwa nacho. Alipewa na shemeji yake, mume wa dada, siku aliporudi kutoka chuo kikuu bila kumaliza masomo, akatangaza mezani kwamba ameanzisha kampuni. "Karibu, Mkurugenzi," shemeji alisema, akamsogezea bakuli. Jina likaganda. Tangu hapo kampuni ililala kwenye kochi la sebuleni kwa dada, na asubuhi ilikunjwa pamoja na shuka kabla watoto hawajaja kutazama katuni.

Kampuni yenyewe ilikuwa programu ya simu. Mwanamke anayetaka kusuka anachagua saluni, anachagua saa, anafika na kukaa kitini. Habari ya kupanga foleni imekwisha. Na waliojiandikisha walikuwepo: mama yake, dada yake, mashangazi wawili, na mjomba mwenye kipara cha kujitazamia kama kioo. Shemeji aliwapitia wote, kisha akarudisha simu.

"Hii si kampuni, hiki ni kikao cha harusi," alisema. "Mpaka mwisho wa mwezi niletee mteja mmoja, mmoja tu, asiye wa ukoo. Ukishindwa, kaunta ya duka langu haina mtu. Utauza misumari."

Dada hakusema neno. Katika nyumba ile, dada akinyamaza ujue muhuri umeshagongwa.

Mkurugenzi akavaa fulana yenye nembo, akaingia mitaani. Saluni ya kwanza walidhani amekuja kudai ada ya taka, wakamwambia mwenyewe hayupo. Aliyesema hivyo ndiye mwenyewe. Saluni ya pili walimsikiliza hadi mwisho, wakamuuliza kama anauza chaja. Ya tatu, ile ya kona jirani na duka la dawa, ilikuwa ya Msusi, mama mnene mwenye vidole vyepesi kama vya mwizi. Alikubali kwa sababu kijana alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu mno.

"Haya, mwanangu, tujaribu Jumanne. Ila ondoka hapo, unanizibia mwanga."

Jumanne programu ilifanya kazi bila kasoro, na hilo ndilo lililoharibu siku. Kila mteja wa Msusi alifika kwa saa aliyopangiwa na programu, akasukwa, akaenda zake. Benchi likabaki tupu. Wapita njia walichungulia, wakaona benchi halina mtu, wakaendelea na safari. Kabla ya adhuhuri muuza mitumba wa ng'ambo ya barabara aliingia amejitanda khanga, sauti ameishusha.

"Poleni jamani. Nani ametutoka?"

Msusi alisubiri aondoke. "Mwanangu," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa anasuka, "hiyo programu yako imefanya kazi?"

"Imefanya, Mama."

"Ndiyo maana naitoa. Ulidhani hawa wanaokaa benchini wanasubiri? Mtu ametoroka watoto, ametoroka mume, ametoroka vyombo, amekuja kupumzika. Wewe unamrudisha nyumbani mapema. Na saluni tupu nani ataiingia? Sasa kaa pale ulipowafukuza watu, mpaka pajae."

Akakaa. Mwanamume kwenye benchi la saluni anavuta watu kuliko bango. Kina mama waliingia kuuliza yeye anasukwa nini. Kesho yake akarudi, maana nyumbani kulikuwa na shemeji, na aliyekaa bila kazi huona mengi. Aliona nywele za kusukia zinaisha kichwa kikiwa nusu. Mwenye kichwa anajifunga kitambaa, anashuka madukani, anarudi na pakiti ambayo dukani ilikuwa kahawia na juani imekuwa mkia wa jogoo. Anashuka tena. Kiti cha Msusi kinakaliwa na mkoba.

Yalipomfika hayo mwanamke mwingine, Mkurugenzi akainuka. "Dada, nipe kipande cha nywele hizo nikufuatie."

Kule dukani alitoka na pakiti hadi nje, akailinganisha na kipande kwenye jua, akairudisha, akatoka na nyingine, huku mwenye duka akimfuata akidhani anaibiwa. Aliporudi, Msusi aliipokea ile pakiti, akaisugua kwa vidole, akaendelea kusuka.

"Kesho uje mapema," alisema baadaye. "Ujira wako nitaupachika kwenye bei."

"Kupitia programu?"

"Kupitia miguu."

Mwisho wa mwezi shemeji alikuja mwenyewe, kwa kuwa hakuamini taarifa zinazotoka kwenye kochi. Akasimama mlangoni na funguo za duka mkononi. "Mteja ni yupi hapa?"

"Ni mimi," Msusi akajibu. "Na huyu kitini. Na wale benchini. Wewe ndiye unayetaka kumpeleka akauze misumari? Basi kichwa hiki nikimalizie kwa waya."

Mwanamke wa kitini akageuka. Upande mmoja alikuwa bibi harusi, upande wa pili ametoka kuamka. Shemeji alikuwa amebishana na mafundi ujenzi maisha yake yote, lakini hakuwa amewahi kutazamwa na mwanamke mwenye nusu kichwa.

"Mimi nilipita tu kusalimia," alisema.

"Umeshasalimia. Mpishe kijana, jua linaondoka."

Shemeji akajibana ukutani, na Mkurugenzi akapita mbio, kipande cha nywele za kahawia kimening'inia kiganjani.