Siku Tuliyokwenda Kuposa kwa Zimwi

Mwalimu wa kwaya ametutoka. Ujumbe wa mkewe ulinifikia Jumapili nikitoka kanisani hapa Thika, na kabla sijalifikia gari, simu ilikuwa imejaa rambirambi. Katikati ya pole hizo, mwenzetu mmoja, muuguzi wa hospitali ya Kalimoni, aliandika maneno ambayo mtu wa nje angesema hayana adabu: "Na maji sasa?" Sisi tulimwelewa. Mwalimu alikuwa ameondoka kabla hadithi yetu haijaisha, na chemchemi ya kijiji ilikuwa bado imefungwa.

Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba Jumamosi mchana sipatikani. Huwa niko Kimbo, katika chumba kilicho nyuma ya duka la mke wa Mwalimu, nikicheza mchezo wa hadithi. Msimulizi mmoja anaieleza dunia ya kubuni, sisi wengine kila mtu anajitwalia mhusika na kusema mhusika huyo anafanya nini, na penye shaka hurushwa dadu. Msimulizi wetu alikuwa Mwalimu, mtu aliyezoea sauti zipande akiinua mkono na zishuke akiushusha, na hadithi alituletea vivyo hivyo. Mwanzoni ilipendeza. Kisha tukagundua kwamba kila njia inaishia kwenye pango lile lile. Tukipanda mashua, dhoruba inatutupa pangoni. Tukikataa kusafiri, ardhi inapasuka chini ya kitanda na pango ndilo hilo. Siku moja muuguzi alichukua mkoba wake akasimama. "Mwalimu, kama ni lazima tufike kwa hiyo pango, enda tu wewe, alafu utuambie kuliendaje." Akatoka, na wengine wawili wakamfuata. Mwalimu aliviangalia vile viti vitupu, na ilimuuma.

Alituita upya baada ya wiki kadhaa, nasi tukaja na ubishi wetu wote. Safari hii kulikuwa na kijiji chenye kiu, na zimwi lililofunga chemchemi huko mlimani. Alikuwa ametengeneza ngome ya katoni, ameipaka rangi, na lango lake linafunguka kwa kuvuta uzi. Ilikuwa wazi kwamba tumeandaliwa vita. Basi mwenzetu mwenye hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, kule Kiuu akakohoa kidogo. "Sisi hatuwezi pigana na mtu hatujaongea na yeye. Kwani huyu zimwi hana msichana?"

Mwalimu hakuwa amefikiria binti yeyote. Niliuona mkono wake ukielekea kwenye dadu, mkono ule ule uliokuwa ukituletea dhoruba, nikajua tunarudi pangoni. Lakini aliinyanyua ngome yake, akaiweka sakafuni polepole, akasema, "Ako naye. Mnafanya nini?" Tukaenda kuposa. Tulichagua wazee, tukamteua mwenye hadwea kuwa msemaji, tukapanda mlima tukiimba, na langoni ndipo tulipopatikana. Zimwi lilitukagua mikono, kisha likauliza kwa sauti ya besi: "Mmekuja kuulizia msichana wangu, na hamjabeba hata kitu ya kuweka mdomoni?" Hakuna aliyekumbuka. Tukapigwa faini ya mbuzi papo hapo, na tulibishana juu ya mbuzi hao wa hewani mpaka koo zikakauka.

Nilimuuliza Mwalimu baadaye amewezaje kuacha vita alivyovihangaikia vile. "Siku hizi sipangi nyinyi mtafanya nini," aliniambia. "Napanga zimwi ni nani, anataka nini, anaogopa nini. Mkija na vita, najua atajibu aje. Mkija na mbuzi, pia najua." Mimi huyakumbuka maneno hayo kila ninapoalikwa kutoa maoni kwenye kikao ambacho pango lake lilishachimbwa, na hasira hunipanda. Lakini huyakumbuka pia nikimwona kiongozi ambaye hakuandaa chochote na anauita uvivu huo uhuru. Kwa mtu kama huyo hakuna anayepigwa faini kwa kusahau mbuzi, na kwa hiyo hakuna mwenye haja ya kumleta.

Mwalimu alifariki mbuzi wote wakiwa wameshalipwa. Ilibaki harusi, na kwa makubaliano yetu na zimwi, siku ya harusi ndiyo chemchemi ingefunguliwa. Jumamosi iliyofuata mazishi, mkewe alifungua chumba. Tulimkuta ameirudisha ngome mezani. Tulimwuliza kama mumewe alimweleza mwisho. "Hakuwa anajua," alisema. "Alikuwa anangojea Jumamosi tu kama nyinyi." Kisha muuguzi, yule yule aliyewahi kutoka na mkoba wake, akaenda kuketi kwenye kiti cha Mwalimu na kuishusha sauti yake mpaka besi ya zimwi. "Mbuzi zilifika. Msichana ako tayari. Mnafanya nini?"

Mwenye hadwea alisimama, akauvuta ule uzi, lango likafunguka, na muuguzi akayaachilia maji yashuke mpaka kijijini. Nilichojifunza kwa mtu huyu ni kwamba kazi iliyopangwa vizuri ni ile ambayo wengine wanaweza kuimaliza kwa njia yao wenyewe, mwenyewe akiwa hayupo. Siku hiyo tuliimaliza, na tulishangilia kwa kelele hata wateja wakaja kutoka dukani kuuliza ni nani ameshinda.

"Ni Mwalimu," mkewe akawajibu.