Taa Nyekundu ya Chumba cha Masikio

Usiku kucha Shangazi alikaa kwenye benchi la hospitali, mkoba mapajani, akiukodolea macho mlango wa chumba cha upasuaji. Kiwandani alikofanya kazi wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, kwa kuwa alikuwa amepaka gundi soli za viatu miaka kumi na tisa na karibu kila mgeni alipitia mikononi mwake. Nyuma ya mlango ule alikuwamo binti yake, Chiriku. Jioni ile, kiwandani humohumo alikokuwa kibarua, foklifti iliyokuwa ikirudi nyuma na shehena ya maboksi ilimgonga, ikamvunja mguu.

Chiriku lilikuwa jina la nyumbani. Tangu ajue kusema hakufunga mdomo, hadi marehemu baba yake akawa anatania kwamba mtoto huyu ataolewa na redio.

Kulipopambazuka daktari akatoka, akasema mguu utapona. Shangazi hajamaliza kushukuru, akatokea dereva wa foklifti, kofia mkononi. Hakukaa. Alieleza kwamba meneja amemsimamisha kazi. Faili la Chiriku lina karatasi ya kupimwa masikio inayosema anasikia vizuri kabisa; basi kama honi ingepigwa, binti angesogea.

"Shangazi, nilipiga honi. Mara tatu. Wewe ulikuwa hatua chache tu pale, hukusikia?"

Alisikia. Zote tatu.

"Sikuwa makini, mwanangu," akajibu, huku akifungua na kufunga zipu ya mkoba.

Dereva akaitikia kwa kichwa, akaondoka taratibu. Shangazi akabaki na zipu yake.

Angemwambia nini? Mwaka mmoja na nusu nyuma, Chiriku alianza kulalamika kwamba akitoka kazini masikio yanapiga mluzi kama birika. Binti alikuwa kwenye mashine za kukatia soli, zinazogonga mpaka meno yanatikisika, hatua tano kutoka meza ya gundi. Shangazi alimcheka. Yake yanalia tangu Chiriku hajaanza shule, akamwambia, na bado anaishi, atazoea. Vile vizibo vya sponji walivyogawiwa wavae masikioni, Shangazi alivipeleka nyumbani akachomekea sindano za kushonea.

Kisha likaja jambo la benchi. Kila mwaka nesi wa masikio huleta mashine yake kiwandani. Anayepimwa huingia kwenye kijumba chenye kioo, akavaa vifaa masikioni, na kila akisikia mlio huinua kidole. Nesi hukaa nje, mgongo wake kwa wanaosubiri, na kila akituma mlio, kitaa chekundu huwaka kwenye mashine. Wanaosubiri benchini wanakiona. Basi ikawa desturi: kitaa kikiwaka, aliye benchini hugusa kitambaa chake cha kichwani, na aliye ndani, akimtazama kupitia kioo, huinua kidole. Hakuna aliyeona kwamba ni udanganyifu. Ilikuwa kubebana, kwa sababu asiyesikia huondolewa kwenye mashine, na kibarua wa namna hiyo haajiriwi kazi ya kudumu.

Siku ya Chiriku, Shangazi aligusa kitambaa mara kumi na moja. Nesi akasifu kwamba binti huyu ana masikio ya popo. Benchi zima lilicheka hadi machozi, na Shangazi ndiye aliyecheka zaidi.

Siku ya tatu nesi yuleyule alifika wodini. Alisimama nyuma ya kitanda, akamwita Chiriku kwa jina. Chiriku akaendelea kumenya chungwa. Akamwita tena kwa sauti ya juu. Ganda likazidi kurefuka.

Nesi akamvuta Shangazi kando. Kelele, alieleza, huua vinyweleo vidogo vilivyomo ndani kabisa ya sikio. Mvuke wa gundi nao huvutwa puani, ukaingia kwenye damu, ukalidhuru sikio hilohilo, na viwili hivyo vikikutana madhara yanazidi. Vilivyokufa havioti tena. Kilichobaki kinaweza kuokolewa, mradi aondoke kwenye zile mashine.

"Kinachonishangaza ni karatasi yangu mwenyewe," akasema nesi. Shangazi akatazama sakafu.

Nesi alipoondoka, Chiriku akamshika mama yake mkono. Alidhani ananong'ona, lakini wodi nzima iligeuka.

"Usiseme kitu, mama. Nimebakiza mwezi mmoja niajiriwe."

Shangazi akaahidi. Ahadi hiyo aliishi nayo siku tisa. Kila akipita penye foklifti alimkuta dereva mwingine kwenye kiti, na mkono wake ukipanda wenyewe kichwani kwenye kitambaa, aliushusha kama umeungua.

Siku ya kumi alipanda ngazi za ofisini, akasema yote: honi, kitaa, kitambaa. Dereva akarudishwa. Chiriku akaondolewa kwenye mashine. Kama atapewa nafasi ya kupanga maboksi, hakuna aliyejua. Watu wote wangepimwa upya, benchi likiwa nyuma ya ukuta. Saa ya chai wanawake walisogeza vikombe vyao mbali naye.

"Tumpishe," alisema mmoja, "Shangazi wa ofisini huyo."

Jioni, nyumbani, alimketisha mbele yake Chiriku, aliyekwisha ruhusiwa kutoka hospitali, akamweleza polepole ili auone mdomo. Chiriku akachukua magongo yake, akaingia chumbani, akafunga kwa komeo.

Shangazi alibisha. Akabisha tena kwa nguvu, kisha akakumbuka, mkono ukabaki hewani. Fundi aliyeijenga nyumba ile alikosea, akaweka swichi ya chumba nje ukutani, na miaka yote walimlaumu. Akaizima taa. Akaiwasha. Akazima, akawasha, huku mwanga chini ya mlango ukipotea na kurudi.

Masikio yake mwenyewe yalikuwa yanapiga mluzi, hakuweza kujua kama gongo linasogea. Akaweka kiganja kwenye ubao wa mlango, akangoja. Muda mrefu hakuhisi kitu. Kisha ubao ukatikisika kidogo, komeo likavutwa.

Mlango ukafunguka kiasi cha uso. Chiriku hakumtazama machoni. Alimtazama mdomo, akasubiri.